Kwa nini mwenye baridi yabisi hupewa dawa ya saratani?

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Tanga. Ni barua ya kurasa mbili, iliyoandikwa kwa mkono, na siku hizi barua za namna hiyo zimekuwa adimu kiasi kwamba mtu huzisoma mara mbili hata kama hazina jambo. Hii ilikuwa na jambo.

Anaeleza kwamba mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka 54, amesumbuliwa na viungo kwa miaka mitatu. Amesuguliwa mafuta, amekatazwa kukanyaga sakafu tupu na kuoga maji baridi, amechanjwa chale magotini, na amenunua vidonge vya kutuliza maumivu madukani mpaka tumbo likaanza kumwungua. Mwishowe akapelekwa hospitali, na huko akapewa rufaa kwa daktari bingwa. Daktari akampima damu, akampiga picha za mikono, akamwambia ana baridi yabisi, akamwandikia vidonge vidogo vya rangi ya manjano viitwavyo methotreksati. Kumbe nyumbani kuna kijana anayesoma chuo. Kijana akakikunjua kile kikaratasi kinachokaa ndani ya boksi, akasoma kwamba dawa ile ni ya saratani. Mama alipoelezwa hakusema neno. Alivichukua vidonge vyote akavitupa chooni.

Msikilizaji wetu anauliza maswali mawili. La kwanza: je, mama ana saratani na madaktari wamemficha? La pili: bibi mzaa mama naye alifariki vidole vyake vikiwa vimepinda, je, na mimi nijiandae?

Sikutaka kuyajibu kwa pupa, maana ni maswali ya watu wengi. Nimesoma na nimewauliza wanaojua. Jibu la swali la kwanza ni fupi: hapana, hajafichwa kitu. Mtu mwenye baridi yabisi kupewa methotreksati ni jambo la kawaida duniani kote, na ndiyo dawa ambayo madaktari bingwa wa viungo huanza nayo kwa wagonjwa walio wengi. Lakini kijana naye hakusoma vibaya. Dawa hiyo kweli ni ya saratani. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na kueleza inakuwaje kunahitaji kurudi nyuma karibu miaka 100.

Tuanzie Bombay, India, mwishoni mwa miaka ya 1920. Daktari mmoja mwanamke kutoka Uingereza, Lucy Wills, alikuwa akichunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwaua akina mama wajawazito, hasa wale waliofanya kazi katika viwanda vya nguo. Akagundua kwamba wakipewa rojo ya hamira, ile inayouzwa hadi leo kwa jina la Marmite kwa ajili ya kupaka mkate, damu yao inarudi. Ndani ya rojo hiyo mlikuwa na kitu ambacho baadaye kilipewa jina la foliki asidi. Ndiyo hiyohiyo wanayopewa wajawazito wetu kliniki pamoja na madini ya chuma. Kazi yake mwilini ni kusaidia seli kutengeneza vinasaba vipya pale zinapotaka kugawanyika. Bila ya foliki asidi, seli haigawanyiki.

Sasa, daktari wa watoto wa Boston, Marekani, aitwaye Sidney Farber, aliona jambo la kutisha. Watoto wenye saratani ya damu waliopewa foliki asidi walionekana kuzidiwa upesi zaidi. Mwingine angeacha hapo akashika njia nyingine. Farber aliligeuza swali: ikiwa foliki inailisha saratani, je, tukiinyima? Mkemia mzaliwa wa India, Yellapragada Subbarow, alikuwa amesimamia utengenezaji wa vitu vinavyofanana na foliki lakini visivyofanya kazi yake, kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli usiweze kuzunguka. Mwaka 1948 Farber alitangaza matokeo yake: kati ya watoto 16 waliopewa moja ya dawa hizo, 10 walipata nafuu. Nafuu hiyo haikudumu. Lakini kabla ya hapo mtoto mwenye saratani ya damu alikuwa hana dawa yoyote ya kumrudisha hata kwa mwezi mmoja.

Methotreksati ni mtoto wa ukoo huo. Mwaka 1956, Min Chiu Li na Roy Hertz wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walionyesha kwamba inaweza kuiondoa saratani inayoota kutokana na kondo la nyuma, hata ikiwa imekwisha kufika mapafuni. Na haikuchukua muda ikafika kwetu. Pale Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa amewaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, akaandika habari zao mwaka 1958, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari, maili 10,000, kutoka Uganda kushuka hadi kusini mwa Afrika, akiuliza kila hospitali njiani kama ugonjwa ule unaonekana. Mwaka 1963 yeye na wenzake walichapisha ripoti ya matibabu ya watoto hao kwa methotreksati. Kwa hiyo dawa hii si ngeni Afrika Mashariki. Ilikuwa ikitumika katika ukanda huu wakati baadhi ya nchi zetu zilikuwa bado kupata uhuru.

Na baridi yabisi je? Huko nako ilianza mapema, ila watu wakasahau. Mwaka 1951 daktari wa Kimarekani aitwaye Gubner alitoa taarifa kwamba dawa ya ukoo wa methotreksati ilituliza viungo vya wagonjwa wachache wa baridi yabisi. Hakusikilizwa sana. Mwaka uliotangulia, 1950, Tuzo ya Nobel ilikuwa imetolewa kwa wagunduzi wa kotisoni, na dunia nzima ilikuwa imeshangilia kuona walemavu wakiinuka vitandani. Nani angeitazama dawa ya sumu wakati kuna muujiza? Ilipofahamika kwamba kotisoni ikitumiwa muda mrefu hulainisha mifupa, hupandisha sukari na kuvimbisha uso, ndipo watafiti walipoyarudia maandiko ya zamani. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu methotreksati kwa baridi yabisi mwaka 1988, miaka 37 baada ya taarifa ya Gubner.

Hapa naomba msikilizaji anisikilize kwa makini, kwa sababu pana hatari ya kweli.

Tofauti kati ya matumizi haya mawili ni kipimo. Katika baadhi ya saratani mgonjwa hupewa dawa hii kwa gramu, kwa njia ya mshipa, akiwa kitandani hospitalini. Mwenye baridi yabisi hupewa kati ya miligramu 7.5 na 25, na hupewa MARA MOJA KWA WIKI. Si mara moja kwa siku. Siku moja tu katika wiki, siku ileile kila wiki. Wapo watu, katika nchi zilizoendelea sana, waliokufa kwa sababu mgonjwa au muuguzi au muuza duka la dawa alisoma haraka akaona ni kidonge cha kila siku, kama vilivyo vidonge vingine. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ililazimika kutoa maagizo mapya kuhusu maandishi ya kwenye pakiti na mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa, kwa sababu makosa hayo yalikuwa hayaishi. Ikiwa huko wanakosea, sisi tunaofungiwa vidonge kwenye vibahasha vya karatasi na kuandikiwa "1x1" kwa kalamu inayofifia tuna sababu zaidi ya kuuliza mara mbili. Pia mgonjwa hupewa foliki asidi ili kupunguza vidonda vya mdomoni na madhara mengine, hupimwa damu na ini mara kwa mara, huambiwa akae mbali na pombe, na mwanamke haruhusiwi kuitumia akiwa mjamzito au akitaka kushika mimba. Kwa hayo tu, ningependa yule kijana wa chuo apongezwe kwa kusoma kikaratasi. Alichokosa ni mtu wa kumweleza.

Kwa kipimo hicho kidogo dawa haifanyi kazi ya kuua seli kama inavyofanya kwenye saratani. Wataalamu wanaamini kwamba hutuliza zile seli za kinga zilizochachamaa, na moja ya njia zake ni kuongeza kemikali iitwayo adenosini, ambayo huzima uvimbe. Hata hivyo, kwamba dawa moja inafaa magonjwa mawili si sadfa tupu. Magonjwa haya yana udugu, na udugu huo ndio unaochunguzwa katika maabara za wataalamu wa chembe za urithi.

Nitatumia mfano wa kazini kwangu. Nilipoanza utangazaji, maktaba yetu ilikuwa bado ina santuri za zamani, rafu kwa rafu. Baadhi ya majalada yalikuwa yamebandikwa karatasi yenye maneno: ISIPIGWE. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine hakuna aliyezikumbuka. Santuri yenyewe ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Ila kwa karatasi ile, haikusikika hewani kwa miaka.

Seli zote za mwili wa mtu zina maktaba moja, yaani jeni zilezile. Seli ya jicho na seli ya ini zina santuri sawa. Kinachozitofautisha ni zipi zinapigwa na zipi zimebandikwa karatasi. Karatasi hizo ni kemikali ndogo ziitwazo methili, zinazogandamana na vinasaba, pamoja na namna vinasaba vinavyosokotwa ndani ya seli. Na seli inapogawanyika, huwapa watoto wake santuri pamoja na karatasi zake. Elimu ya karatasi hizo huitwa epijenetiki. Kwa hiyo seli inaweza kuharibikiwa kwa njia mbili: santuri ikapata mkwaruzo, au santuri ikabaki nzima lakini karatasi zikabandikwa au zikabanduliwa mahali pasipostahili.

Saratani ina yote mawili. Kwa upande wa mikwaruzo, mfano mzuri ni uvimbe uleule wa Burkitt. Watafiti waligundua kwamba katika seli za uvimbe huo kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kuungwa kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Kipande hicho kina jeni inayoamuru seli ikue. Kikaangukia jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli za aina hiyo hazizimwi kamwe. Matokeo yake, amri ya kukua ikawa inapigwa usiku na mchana.

Kwa upande wa karatasi, mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba seli za saratani ya utumbo zimepungukiwa methili katika baadhi ya jeni, zikilinganishwa na seli nzima za mgonjwa huyohuyo. Miaka iliyofuata ikaonekana kinyume chake pia: jeni za kuzuia saratani zimebandikwa karatasi na kunyamazishwa, ingawa hazina mkwaruzo wowote. Hili lilileta tumaini, maana mkwaruzo ni vigumu kuuondoa lakini karatasi inabanduka. Dawa iitwayo azasitidini, iliyotengenezwa Chekoslovakia katika miaka ya 1960 kama sumu ya kawaida ya saratani, ilikuja kugunduliwa kwamba kwa kipimo kidogo hubandua methili. Mwaka 2004 ilipitishwa Marekani kwa ugonjwa wa uboho ambao unaweza kuishia kwenye saratani ya damu. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2009, nusu ya wagonjwa wa hali mbaya waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 24, ilhali kwa waliopewa matibabu mengine ya kawaida ilikuwa miezi 15. Si uponyaji. Lakini miezi 9 si kitu kidogo kwa mwenye watoto.

Turudi kwenye viungo. Ndani ya kila kiungo kuna utando laini unaotoa ute wa kulainisha. Katika baridi yabisi, seli za kinga huvamia utando huo, unavimba, unanenepa, na hatimaye unaanza kula gegedu na mfupa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba seli za utando wenyewe ni mateka tu, zinafanya hivyo kwa kuchokozwa na seli za kinga. Mwaka 1996 ukafanyika jaribio lililowashtua wengi. Watafiti walichukua seli za utando kutoka kwa wagonjwa wa baridi yabisi, wakazilea maabara, kisha wakazipandikiza pamoja na kipande cha gegedu kwa panya wasio na kinga ya mwili. Hapakuwa na seli za kinga za kuzichokoza. Seli hizo zikalitafuna gegedu hivyohivyo. Seli za utando wa watu wasio na ugonjwa huo hazikufanya hivyo.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani na wenzao walikwenda mbele zaidi. Walipandikiza seli za wagonjwa upande mmoja wa panya, na gegedu tupu upande wa pili. Seli zikasafiri kwa njia ya damu, zikafika upande wa pili, zikalishambulia gegedu hilo. Anayejua tabia ya saratani ataona sura inayofanana: kuvamia jirani, kisha kusafiri. Na mwaka huohuo maabara ya Zurich, Uswisi, ikaripoti kwamba seli za utando wa wagonjwa wa baridi yabisi zimepungukiwa methili, yaani karatasi zimebanduka, na santuri zilizopaswa kunyamaza zinapigwa. Ndiyo maana hata zikitolewa mwilini na kulelewa kwenye chupa, zinaendelea na ukorofi wake. Zina kumbukumbu.

Sasa asije mtu akasema kwamba redio imetangaza baridi yabisi ni saratani. Siyo. Seli hizi hazizaliani bila mpaka, hazijengi uvimbe kwenye ini wala ubongo, na anayeongoza vurugu mwanzoni ni kinga ya mwili yenyewe iliyokosea adui. Ni kama ndugu wa mbali wanaofanana pua. Lakini upo uhusiano mmoja ambao ungemhusu yule mama moja kwa moja. Inajulikana kwamba wagonjwa wa baridi yabisi wanapata saratani ya matezi kwa wingi kidogo kuliko watu wengine. Kwa muda mrefu dawa zilishukiwa. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Sweden na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba walio hatarini zaidi ni wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mkali na haukutulizwa kwa miaka mingi, wala si kwa sababu ya methotreksati. Kwa maneno mengine, anayezitupa dawa kwa kuiogopa saratani anajiweka karibu nayo zaidi. Naomba radhi kwa kulisema wazi hivyo, ila sijaona namna laini ya kulisema.

Njia ya dawa kutoka saratani kwenda kwenye viungo imepitwa na nyingine pia. Rituksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa saratani ya matezi, iliruhusiwa kwa baridi yabisi mwaka 2006. Bei yake ni jambo jingine, na sitaki kulifungua leo.

Swali la pili, la kurithi. Hapa pana woga mwingi na nyumba nyingi zimevunja uchumba kwa ajili yake. Kipimo kizuri cha urithi ni mapacha wanaofanana, wale waliotokana na yai moja, kwa kuwa jeni zao ni zilezile. Ingekuwa jeni ni hukumu, pacha mmoja akiugua na mwenzake angeugua. Uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1993 uliwatazama mapacha ambao mmoja wao ana baridi yabisi. Kwa wanaofanana, pacha wa pili alikuwa nao katika takriban jozi 15 kwa kila 100. Kwa wasiofanana, takriban 4. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba jeni zina nguvu. Lakini angalia upande wa pili wa hesabu: jozi 85 kati ya 100, mwenye jeni zilezile hakuwa na ugonjwa. Kwa mtoto wa mgonjwa, uwezekano ni takriban mara tatu ya mtu mwingine. Na kwa kuwa katika nchi nyingi zilizopima ugonjwa huu huwapata watu wasiozidi mmoja kwa kila 100, mara tatu yake bado ni idadi ndogo.

Jeni yenye mchango mkubwa zaidi imo katika kundi linaloisaidia kinga kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Na hapo ndipo Waswidi walipopata jambo la kustaajabisha mwaka 2006. Mtu aliyeirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, na ambaye huvuta sigara, hatari yake ya kupata aina kali ya ugonjwa huo ilikuwa mara 21 ya mtu asiyevuta na asiye na jeni hiyo. Moshi hubadilisha umbo la baadhi ya protini mapafuni, kinga ikaziona kama wageni, na mwenye jeni hiyo kinga yake ni nyepesi zaidi kuzikamata. Mwaka 2013 Feinberg, yule wa 1983, pamoja na wenzake wa Sweden, walilinganisha damu za wagonjwa 354 na watu 337 wasio wagonjwa, wakaonyesha kwamba sehemu ya hatari hiyo ya kurithi hupitia kwenye methili. Jeni hutoka kwa wazazi. Karatasi nyingi hubandikwa na kubanduliwa katika maisha ya mtu mwenyewe.

Uchunguzi mkubwa kuliko yote hayo ulitangazwa mwaka 2014. Zilisomwa chembe za urithi za watu zaidi ya 100,000, zikapatikana sehemu 101 za vinasaba zinazohusika na baridi yabisi. Baadhi ya jeni za sehemu hizo ni zilezile zinazoonekana kuharibika katika saratani za damu, na watafiti wakataja dawa fulani za saratani kama zinazofaa kujaribiwa kwa viungo. Ila watu hao 100,000 walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia. Mwafrika hakuhesabiwa. Kwa hiyo atakayekuja kutuuzia kipimo cha damu kinachotabiri baridi yabisi kwa kutumia orodha hiyo, tumwulize kwanza ilitengenezwa kwa damu ya nani. Uganda ilitoa ugonjwa uliowafundisha wanasayansi jinsi kromosomu zinavyohama. Ingekuwa haki nasi tuhesabiwe katika hili.

Kuna jambo la jina nalo. "Baridi yabisi" ni jina zuri la Kiswahili lakini limetupoteza, kwa sababu linamfanya mgonjwa apigane na baridi. Hewa ya baridi inaweza kuongeza maumivu, lakini haianzishi ugonjwa. Anajifunika blanketi huku mifupa inaliwa, na uharibifu wa mfupa ukishatokea haurudi. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani, na hiyo ndiyo miezi tunayoitumia kwenye mafuta na chale. Wapo pia wanaotumia vidonge vya prednisoloni vya dukani, vinavyotoa nafuu ya ajabu siku ya pili na kuharibu mengine polepole, kama kotisoni ya mwaka 1950.

Kwa hiyo dalili za kuangalia ni hizi. Viungo vidogo vya vidole na viganja vinavimba, aghalabu mikono yote miwili kwa pamoja. Asubuhi mikono imekakamaa, mtu hawezi kufunga kifungo wala kukamua nguo, na ukakamavu huo unazidi nusu saa au hata saa nzima kabla ya kulegea. Uchovu usioelezeka, na wakati mwingine homa ndogo. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, takriban mara mbili hadi tatu. Goti moja linalouma jioni baada ya kazi mara nyingi ni jambo jingine, na kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafla usiku ni jingine pia, ingawa yote tunayaita baridi. Hali hiyo ya mikono ikiendelea zaidi ya wiki sita, daktari aombwe kipimo cha damu cha ugonjwa huo na picha za mikono, na mgonjwa akipewa methotreksati atamke mwenyewe mbele ya mtoa dawa jina la siku atakayomeza. Wengine huchagua Ijumaa, wengine Jumapili, na wengine huiandika kwenye kalenda ya ukutani.